Kubadilisha maneno ya matangazo ya Google kwa mkupuo: programu haijui ngeli, wala haijui bei ya dukani kwako

#1 Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikiona mtu anauliza humu "ni programu gani nitumie nibadilishe matangazo yangu yote kwa siku moja", natamani nimshike mkono kwanza kabla hajabofya kitufe. Kwa hiyo leo naandika yote, mtanivumilia kwa urefu.

Mimi nasimamia matangazo ya utafutaji ya maduka madogo na ya kati hapa Dar. Nazungumzia yale maandishi yanayotokea juu ya majibu mtu anapotafuta kitu Google. Mteja niliyekaa naye muda mrefu zaidi anauza vifaa vya sola na pampu za maji Kariakoo. Akaunti yake ina vikundi 84 vya matangazo, kila kikundi na maneno yake ya utafutaji na tangazo lake moja. Tangazo la siku hizi linabeba hadi vichwa 15, kila kimoja kisizidi herufi 30, na maelezo hadi 4, kila moja lisizidi herufi 90. Ukijaza nafasi zote kwenye vikundi 84, una vichwa 1,260 na maelezo 336. Hakuna anayeweza kuyapitia hayo moja moja kila bei inapobadilika, ndiyo maana tunatumia programu.

Inayotumika sana ni Google Ads Editor. Ni ya bure, unaipakua kwenye kompyuta, unavuta akaunti nzima, unafanya mabadiliko hata bila intaneti, halafu unayapeleka yote kwa pamoja. Ndani yake kuna sehemu ya kutafuta na kubadilisha maandishi: unaandika neno la zamani, unaandika jipya, unachagua matangazo, basi. Dakika mbili.

Sasa yaliyonikuta. Mzigo mpya uliingia, bei ya taa za sola ikashuka kutoka 45,000 hadi 38,000. Bosi akanipigia asubuhi, anataka matangazo yabadilike kabla ya saa sita mchana. Nikafungua programu, nikachagua akaunti nzima, nikaandika tafuta "45,000", weka "38,000". Nikapeleka. Nikamjibu tayari.

Siku mbili baadaye mzee mmoja alikuja dukani kutoka Mkuranga, simu mkononi, anataka betri ndogo ya 138,000. Dukani betri ile inauzwa 145,000. Kijana wa kaunta akamwambia mzee hiyo bei siyo yetu. Mzee akageuza simu, akamwonyesha: jina la duka ni hilo hilo, na maandishi yanasema 138,000. Nilitumiwa picha ya ile skrini kwenye WhatsApp nikiwa kwenye daladala, na nilielewa kabla sijaikuza. Ndani ya 145,000 kuna 45,000. Programu ilizikuta zile herufi sita ikazibadilisha kama nilivyoiagiza. Na seti kamili ya 1,045,000 nayo ilikuwa imegeuka 1,038,000.

Bosi aliamua mzee auziwe kwa bei aliyoiona, na wote waliokuja na bei ile wiki hiyo wakauziwa hivyo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Tofauti niliilipa mimi kwa kukatwa kwenye malipo ya mwezi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma zaidi ni yule mzee kusimama kaunta dakika kadhaa akionekana kama anadanganya.

Naendelea hapo chini, hili ni la kwanza tu.

#2 Mleta uzi

Kwanza tumalize hilo la namba, maana lina dawa.

Ile sehemu ya kubadilisha maandishi ina kisanduku cha kutafuta neno zima tu. Kiwekee alama. Na usitafute namba peke yake, itafute pamoja na kinachoitangulia: "Sh 45,000", yaani Sh, nafasi, namba. Hapo 145,000 haiguswi.

Lakini kuna mtego mwingine nyuma ya huo. Kwenye akaunti ile ile nilikuta bei imeandikwa kwa namna nne: Sh 45,000, Sh45,000, TSh 45,000 na 45,000/=. Nikitafuta namna moja, nyingine tatu zinabaki na bei ya zamani, na tangazo moja linaweza kumwonyesha mteja bei mbili kwa wakati mmoja. Nilitumia Jumamosi nzima kuzifanya zote ziwe namna moja. Kama akaunti yako imepitia mikono ya watu watatu, anza na kazi hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Na kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya akaunti. Editor inatoa faili la akiba lenye mwisho wa .aea. Lipe jina lenye tarehe. Siku ile sikuwa nalo, nikatumia usiku kucha kulinganisha bei moja moja na daftari la duka.

#3 Mdau wa Mwanza

Mkuu pole sana, na asante kwa kusema wazi. Swali: kwa nini bei isitoke kwenye tangazo kabisa? Mimi huku nauza matenki, niliondoa bei zote, naandika tu "Bei Nafuu".

#4 Mleta uzi

Mkuu, ni uamuzi wako na unaeleweka. Ila kwa bidhaa zangu watu wanatafuta wakianza na neno bei lenyewe: bei ya pampu, bei ya paneli, bei ya betri. Mtu aliyeandika bei akikuta namba anajua amefika. Na asiyeimudu habofyi, kwa hiyo hulipii mbofyo wake. "Bei Nafuu" anaiandika kila mtu.

Nilichofanya ni kutumia kastomaiza. Ndani ya kichwa huandiki namba, unaweka jina la kisanduku, kwa mfano bei_taa, na thamani yake unaiweka pembeni mara moja, kwenye akaunti, kampeni (mkusanyiko wa vikundi), kikundi au hata neno moja la utafutaji. Inaweza kuwa ya maandishi, namba, bei au asilimia. Taa zikishuka nabadilisha thamani moja tu, na tangazo lenyewe sijaligusa. Kila kisanduku kipe na thamani ya akiba, ili data ikikosekana mteja asikose kichwa. Mimi akiba yangu ni "Uliza Bei ya Leo". Na unapohesabu herufi 30, hesabu kwa bei ndefu kuliko zote ulizonazo, usihesabu kwa bei ya taa wakati kisanduku hicho hicho kitabeba seti ya milioni.

#5 Mleta uzi

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi. Hili silioni likisemwa popote, kwa sababu maelekezo mengi ya hizi programu yameandikwa na watu wanaotangaza kwa Kiingereza.

Kiswahili kimefungwa kwa ngeli. Ukibadilisha jina, sentensi nzima inabidi igeuke nalo. Programu haijui hilo.

Kuna kitu wanachokipenda sana: unaandika kichwa chenye pengo, na programu inapachika humo neno la utafutaji lililo kwenye kikundi chako. Kwa Kiingereza kinafanya kazi vizuri. Mimi niliandika kichwa hiki:

____ Zimefika

Neno la akiba nikaweka Pampu za Sola. Pampu za Sola Zimefika, safi kabisa. Kisha nikakisambaza kwenye vikundi vyote 84. Haya ndiyo yaliyokuwa yanatokea kwa wateja, nimeyanakili kutoka kwenye onyesho la tangazo:

Vifaa Vya Sola Zimefika
Mtambo Wa Sola Zimefika
Tenki La Maji Zimefika
Bei Ya Pampu Zimefika

Hebu soma hiyo ya mwisho kwa sauti. Mtu anakusudia kutoa laki tano ya mtambo, anakutana na maandishi kama hayo. Atakuamini utakuja kumfungia paneli juu ya bati lake? Mimi mwenyewe nisingebofya.

Na wengi wanadhani kinachopachikwa ni alichoandika mteja. Sivyo. Ni neno ulilolisajili wewe kwenye kikundi, lile lililolingana na alichotafuta. Kwa hiyo kama ulisajili maneno yenye makosa ya tahajia ili uwanase wanaokosea, makosa hayo yanakwenda juu ya tangazo lako kwa herufi kubwa. Na neno likizidi urefu, programu inarudi kwenye akiba. Ndiyo maana ukijaribu na neno refu unaona kila kitu kiko sawa, unalala vizuri, kumbe maneno mafupi ndiyo yanayoharibika.

Tafuta na badilisha nayo ina ugonjwa huo huo. Bosi alisema "paneli" liwe "vifaa" kwenye kampeni moja, maana wameanza kuuza na vitu vingine. Paneli Zetu Zina Dhamana ikawa Vifaa Zetu Zina Dhamana. Inatakiwa Vifaa Vyetu Vina Dhamana. Maneno matatu yanageuka kwa ajili ya moja, na programu imeagizwa ligeuke moja.

Msimamo wangu sasa ni huu: kwa Kiswahili, mashine ibadilishe namba, tarehe na jina la mtaa. Jina la bidhaa likibadilika, sentensi iandikwe upya yote na mtu. Programu kazi yake iwe kubeba sentensi zilizokamilika, isizitunge.

#6 Mdau wa Nairobi

Nimesoma mpaka mwisho, kazi nzuri. Lakini kaka, nakupinga kidogo. Mimi niko kwenye ofisi ya matangazo, tuna vikundi zaidi ya elfu. Kuandika kila sentensi kwa mkono haiwezekani, mteja hawezi kulipia masaa hayo. Sisi tunatumia skripti inayosoma kutoka kwa spredishiti na inajenga matangazo yenyewe.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo hatupingani sana. Skripti nami natumia. Ila angalia shiti yako imejaa nini. Kama safu moja ina jina la bidhaa na fomula inaliunganisha na "zimefika", utapata niliyoyapata mimi mara elfu. Kama shiti ina vichwa vizima vilivyoandikwa na mtu, skripti inavibeba tu, hapo tuko pamoja.

Na vichwa vizima haviwi vingi kama unavyodhani. Nilipopanga bidhaa zangu kwa ngeli badala ya kuzipanga kwa aina, kazi ilipungua sana. Pampu, paneli, betri na taa zote zinakwenda na za, zetu, zina. Matenki na mabomba yanakwenda na ya, yetu, yana. Vifaa na vidhibiti vinakwenda na vya, vyetu, vina. Mitambo na mifumo inakwenda na ya, yetu, ina. Seti nne za sentensi, vikundi 84. Ndani ya seti moja unaweza kubadilisha jina kwa jina bila kuvunja kitu, kwa sababu viungo vyote vinafanana. Ongeza safu ya ngeli kwenye shiti yako, skripti ichague seti kwa kuangalia safu hiyo. Kwa akaunti ya elfu ni kazi ya siku mbili, halafu inakutumikia miaka.

#8 Mdau wa Nairobi

Safu ya ngeli. Sikuwa nimewahi kuifikiria. Hiyo naichukua Jumatatu.

Na mimi niwape yangu: skripti za Google Ads zinaandikwa kwa JavaScript, na ile amri ya kawaida ya kubadilisha neno, ukiipa neno la kawaida, inabadilisha pale linapotokea mara ya kwanza tu. Kama maelezo yana bei mara mbili, ya pili inabaki ya zamani. Hilo limeniumiza. Pia kabla ya kuiendesha kabisa kuna hali ya onyesho, inakuonyesha mabadiliko bila kuyafanya. Isomeni orodha yote, sio mistari kumi ya juu. Na muda wa kukimbia ni dakika 30, akaunti kubwa inaweza kukatika katikati, nusu mpya nusu zamani. Igawanyeni.

#9 Mdau wa Mombasa

Shukrani ndugu zangu. Mimi nina duka la nguo, na kisa changu ni cha saa.

Niliweka matangazo ya ofa ya Idi, nikaweka kanuni ijiendeshe yenyewe iyasimamishe saa sita usiku siku ya mwisho. Aliyenisaidia kuweka ni kijana wangu dukani, nikamwambia saa sita, naye akaweka sita. Programu yafuata saa ya Kizungu. Ofa ikasimama saa kumi na mbili asubuhi, siku ambayo watu ndio wanatoka kununua. Nikashinda dukani najiuliza wateja wameenda wapi, mpaka magharibi ndipo nikafungua akaunti nikaona.

#10 Mleta uzi

Pole sana ndugu. Wakuu hili ni muhimu: sisi tukiambizana saa tunatumia saa yetu, kwenye programu andikeni kwa saa 24. Saa sita usiku ni 00:00, na hapo tena angalia ni 00:00 ya kuanza siku ipi. Mimi ofa nazifunga 23:00 kuepuka utata. Na hizo kanuni za kujiendesha hupangwa kwa saa nzima, zinaweza kuanza wakati wowote ndani ya saa hiyo, kwa hiyo usizitegemee kwa dakika. Angalia pia saa za eneo za akaunti yenyewe. Zinachaguliwa siku ya kufungua akaunti na watu wengi huwa hawaziangalii.

#11 Mdau wa Dodoma

Mkuu naomba kueleweshwa. Mimi nikipeleka mabadiliko, nusu ya matangazo yanakataliwa. Nimeandika vizuri tu: "PAMPU BEI POA!!! PIGA" halafu namba yangu ya simu.

#12 Mleta uzi

Ndugu, hapo kuna makosa matatu kwenye mstari mmoja, na yote yanakatazwa na sera zao. Alama ya mshangao hairuhusiwi kwenye kichwa, na kuirudia hairuhusiwi popote. Herufi kubwa mfululizo kwa ajili ya kupiga kelele hazikubaliki. Na namba ya simu haiwekwi ndani ya maandishi, ina sehemu yake maalumu ya kupiga, ambayo kwa mteja wa simu inakuwa kitufe. Hamisha namba kule.

Jambo jingine, tangazo lililohaririwa linakaguliwa upya. Mengi hukaguliwa ndani ya siku moja ya kazi. Ndiyo maana sipeleki mabadiliko ya akaunti nzima Ijumaa jioni. Natanguliza kampeni moja, naisubiri ipite, kisha zilizobaki.

Na kama akaunti yako ni ya zamani, utakutana na matangazo ya mtindo wa awali. Tangu tarehe 30 Juni 2022 hayo hayawezi kuundwa wala kuhaririwa, unaweza kuyasimamisha, kuyarudisha au kuyafuta tu. Ukipitisha tafuta na badilisha juu yake utapata makosa mekundu mengi. Usihangaike nayo, yasimamishe.

#13 Mdada wa Arusha

Kaka nimefuatilia tangu mwanzo. Mimi vichwa vyangu kila kimoja kikiwa peke yake ni kizuri, lakini vikitokea pamoja vinaleta maana ya ajabu. Niliandika "Vyumba vya Familia Arusha" halafu kinachofuata "Vyenye Maji Moto Saa Zote". Juzi rafiki yangu akanitumia picha, kimeanza "Vyenye Maji Moto Saa Zote".

#14 Mleta uzi

Dada, hilo ni kwa sababu tangazo linaonyesha hadi vichwa vitatu kati ya ulivyoweka, kwa mpangilio ambao mfumo unauchagua. Kichwa chako cha pili kinaegemea cha kwanza kupitia ile "vyenye". Kiandike kisimame chenyewe: "Maji Moto Saa Zote". Nimehesabu, ni herufi 18, bado una nafasi.

Ukitaka kichwa fulani lazima kiwe cha kwanza, kipigie pini nafasi ya kwanza. Lakini ukipiga pini kimoja, vingine vyote visivyo na pini havitaonekana tena nafasi hiyo. Afadhali piga pini viwili au vitatu nafasi hiyo hiyo, mfumo upate wa kuchagua. Ile alama ya nguvu ya tangazo itashuka ukipiga pini. Usiogope, ile ni ya kukuongoza tu wakati wa kuandika, haiingii kwenye mnada, yaani ule ushindani wa kuamua tangazo la nani lionekane.

Herufi 30 kwa Kiswahili ni chache, nakubali. "Tunakufungia Hadi Nyumbani Kwako" ni 32, inakataliwa. "Tunakufungia Mpaka Nyumbani" ni 27, inapita na haijapoteza kitu. "Vifurushi vya Safari Serengeti" ni 30 kamili, nafasi zikihesabiwa. Kwenye shiti weka fomula ya LEN, ile inayohesabu herufi, pembeni ya kila kichwa, na rangi nyekundu ikizidi 30. Na shiti hizi zina tabia ya kugeuza: ukiandika 10-12 inaweza kuwa tarehe ya Desemba. Fanya safu zote ziwe za maandishi kabla hujaanza.

#15 Mdau wa Mwanza

Swali la mwisho mkuu. Hizi programu mpya zinazojiandikia zenyewe, unazionaje? Kuna moja nimeijaribu inatoa vichwa 15 kwa sekunde.

#16 Mleta uzi

Nazitumia kupata mawazo, sizipi ruhusa ya kupeleka. Kiswahili chake wakati mwingine ni kizuri, wakati mwingine ni cha kutafsiri. Lakini kinachonitisha ni ahadi. Niliona imeandika "Dhamana ya Miaka 10" kwa betri ambayo duka linatoa dhamana ya miezi 12. Imetoa wapi? Na "Namba Moja Tanzania", ambayo hatuna cha kuithibitisha. Tangazo la kupotosha hapa kwetu linaguswa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na atakayeulizwa ni mwenye duka, programu haitaitwa.

Angalia pia ndani ya akaunti yako kama mapendekezo ya Google yamewekwa yajikubali yenyewe. Mengine yanaongeza au kubadilisha maandishi ya matangazo. Fungua sehemu ya mapendekezo, pitia orodha, zima yanayogusa maneno. Mimi nilikuta yamewashwa kwenye akaunti mbili nilizopokea kwa watu.

#17 Mdada wa Arusha

Nimeangalia sasa hivi. Yamewashwa matano.

#18 Mleta uzi

Zima dada, halafu fungua historia ya mabadiliko uangalie yaliyopita bila wewe kujua. Vichwa ulivyonavyo niandikie hapa vyote kama vilivyo, tuvipitie kimoja kimoja, nipo hadi saa nne usiku.